Buibui wa Nyuma ya Saa

Wifi ya Mwanakheri alipokuja kumsaidia usafi, aliondoa saa ukutani na kumponda kwa ufagio buibui mkubwa aliyekuwa amejificha nyuma yake.

"Nimeshamuua, wifi. Lala bila wasiwasi."

Mwanakheri akaitazama miguu ya mumewe kitandani. Tangu kiharusi, mumewe hakuhisi kitu miguuni, na usiku mende walimtafuna vidole. Buibui yule ndiye aliyekuwa akitoka gizani kuwawinda. Vidonda vilikuwa vimeanza kukauka.

Mwanakheri alikwenda migombani, akawa anabandua maganda makavu ya mashina, mgomba baada ya mgomba, huku jua likizama. Kwenye mgomba wa mwisho, kitu chenye manyoya kilimpanda mkononi. Mwanakheri, aliyeogopa buibui tangu utotoni, akafumba kiganja taratibu, asije akamponda.