Mlimau wa Stamena

Hajamaliza hata ngazi za kwanza, na kopo lililopandwa mlimau lilikuwa limeshamkata Radko kidole.

"Shetani auchukue!" aliguna. Lifti mbovu. Viatu vimekakamaa kwa kukaa chini ya kabati tangu msimu wa baridi. Na Stamena wa ghorofa ya tano, mwenye mti wake, yuko zake kwenye basi la Varna, kwa bintiye. Alimwachia mlimau na karatasi ya masharti.

"Aliupanda marehemu mama," Stamena alikuwa amemwambia akimkabidhi. "Mti wa ndani ukiutupa juani ghafla, majani yanaungua. Kidogo kidogo, jirani. Ukifa, tusisalimiane tena."

"Mbona mwaka huu umechelewa kuutoa? Mwezi wa sita huu!"

"Mgongo, Radko. Mgongo."

Karatasi ilisema, siku ya kwanza: robo saa kivulini, kando ya benchi la uani. Usiuache peke yake, wanaiba. Radko akakaa amekunja mikono, macho kwenye saa.

"Radko!" Velko, aliyekuwa akicheza na wenzake benchini, aliacha kurusha dadu. "Sisi tulidhani umehamia mji mwingine!"

"Nalinda mti."

"Umeshaunyonyesha?"

Benchi zima likacheka. Radko akaubeba mti akapanda nao dakika tatu kabla ya wakati, akabamiza mlango.

Siku ya nne jani moja likaanguka. Akaligeuzageuza kutafuta alama ya kuungua, akamlaani Stamena, akamlaani na mamake, kisha akawaonyesha wale wa benchi. Kila mmoja alikuwa fundi. Huyu maji, yule upepo, yule kasema mti una huzuni. Walipomaliza kubishana, muda wa kwenye karatasi ulikuwa umepita mara mbili. Radko akapanda ngazi mbio, akihema.

Wiki ya pili karatasi ikataka jua la asubuhi, upande wa duka la mkate. "Sasa mti unanitembeza kama mbwa wake!" alifoka. Akaenda. Akarudi na mkate wa moto, akiutafuna huku akimwambia Velko kwamba hajui kucheza.

Siku ya kumi na nne: jua la mchana, saa mbili nzima. Stamena alirudi kutoka Varna, akamkuta kakunja mikono ya shati, pua nyekundu, anadai mchezo mwingine. Mlimau haukuwa umeungua hata jani.

"Chukua mzigo wako, nimeuchoka!"

"Pole, jirani. Twende juu basi, nikupikie kahawa."

"Niende wapi? Huyu mwizi Velko kanifunga mara tatu! Na kesho nakuja kumlipizia."

Stamena akaupandisha mlimau mwenyewe hadi ghorofa ya tano, wala mgongo haukumuuma. Akafungua mlango wa roshani, jua likampiga usoni, akaliweka kopo sawasawa juu ya duara la kutu lililokuwa likilisubiri sakafuni.

"Pole, mwenzangu," aliunong'oneza mti. "Na wewe ulishalizoea jua tangu Pasaka, hapa hapa roshani."