Kipande cha Chini

Siku ya tatu baada ya bomu kulipuka katika kituo cha mabasi, niliitwa kuweka kioo kwenye ghorofa ya pili ya nyumba inayotazamana na kituo hicho. Wiki hiyo sisi mafundi vioo hatukuwa na nafasi hata ya kujikuna.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinionyesha dirisha bila maneno mengi. Nikatoa vipande vya juu kimoja kimoja. Nilipoingiza patasi chini, penye kipande kikubwa kilichobaki kimesimama ndani ya fremu, alinishika mkono.

"Hicho usikitoe, fundi."

"Mama, kioo si shati. Hakitiwi kiraka."

"Binti yangu alikuwa anaegemeza uso hapo kila asubuhi, aone kama basi limefika." "Tumemzika jana."

Niliinama. Mwanga wa mchana ulionyesha doa la mafuta lenye upana wa paji la uso, na chini yake alama ndogo ya ncha ya pua. Kitambaa changu cha kufutia kilikuwa karibu kuligusa doa hilo. Nikakirudisha nyuma.

Kwa miaka arobaini na miwili sijawahi kuacha kioo cha zamani ndani ya fremu. Nimewahi kumfukuza fundi kwa kosa hilo.

"Mvua itapenya kwenye maungio," nilimwambia.

"Ipenye tu, baba."

Nikatia patasi mfukoni, nikamwomba karatasi kubwa, nikaanza kuchora mstari wa mpasuko juu ya kile kipande ili kioo kipya cha juu kiufuate.