Lita Moja na Lita Nne

Kasoki alikuwa ameshatia wino kwenye jibu alipoona kwamba amekosea, na kwamba kosa hilo halikuanzia kwenye mtihani.

Swali lilikuwa jepesi: lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia tano imechanganywa na lita nne za asilimia moja. Alijumlisha tano na moja, akagawanya kwa mbili, akapata tatu, kana kwamba lita moja na lita nne zina uzito sawa. Jibu sahihi halikufika hata mbili.

Alitazama vidole vyake, vilivyochubuliwa na klorini. Alfajiri hiyo, ufuoni Kituku, alikowatilia dawa wachota maji ya ziwa, klorini kali ilikuwa imebaki kidogo. Aliichanganya na hafifu nyingi, akapiga hesabu ileile, kisha akapima kwa sindano dozi ya kila bidoni, dumu la maji. Dozi zote zilikuwa pungufu, na kipindupindu kilikuwa tayari mtaani. Watu walimshukuru, wakabeba maji yao.

Akasimama.

"Monsieur, naomba kutoka."

"Choo?"

"Hapana. Kituku."

"Anaenda kununua samaki wa sambaza," mtu akasema nyuma, na darasa likacheka.

Msimamizi hakucheka. "Mutoto wangu, huu ni mutihani wa diplome. Ukipita ule mulango, haurudi. Utangojea mwaka."

"Ni saa ngapi, monsieur?"

"Saa ine na nusu."

Kasoki aliacha kalamu juu ya karatasi. Akielekea mlangoni, alijaribu kukumbuka ni nyumba zipi huchota maji mapema lakini huyanywa mchana.