Mwanamke Aliyejikwaa

Sheria mpya ilitaka filamu zote, hata za zamani, zionyeshe jina la kila mtu anayepita ndani yake. Jumapili mchana, Kheri alikaa na mama yake kurudia kutazama filamu ya shujaa arukaye aliyoipenda tangu utotoni. Ikafika sehemu aliyozoea kuichekea, pale mwanamke anapojikwaa akilikimbia ghorofa linaloporomoka. Jina likatokea juu ya kichwa chake: Zaituni Mbelwa.

Kheri aliacha kucheka, akamgeukia mama yake.

“Mama, ni wewe? Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia, mwanangu, ukiwa darasa la tatu. Ukasema nisogee, nakuziba.”

Kheri aliona haya, akashindwa kumtazama. Akabaki anakodolea macho kioo cha televisheni, ambako majina mengine yalizidi kutokea, na kila moja aliogopa kulisoma.