Ngozi ya Ngisi

Mama alikuwa amesahau picha tena.

"Mama yangu," mtaalamu wa ngozi alisema, akijitahidi asionekane kuchoka, "hii ni mara ya tatu. Bila picha nitajuaje mwanao alikuwa na rangi gani usoni?"

"Kichwa changu kimekuwa pakacha, binti yangu. Hakikai kitu." Mama akavuta kiti chake cha kila siku, akaketi upande wa miguu ya kitanda.

Nyuma ya bandeji, kijana alishusha pumzi. Ameponea chupuchupu.

Moto ulizuka kwenye karakana ya kupulizia magari rangi, ndani wamo vijana wawili marafiki. Mmoja alitolewa amekufa. Wa pili alitolewa uso umeungua, koo limebabuka kwa moshi, hawezi kusema. Alipofumbua macho alimkuta mwanamke ameshika miguu yake, anaisugua taratibu. "Pole, mwanangu. Pole, baba." Viatu vyake vilikuwa na udongo mbichi. Wauguzi walisema ametoka kumzika yule mwenzake asiye na ndugu, na kwamba mama mwenye moyo kama ule hazaliwi kila siku.

Kijana alitaka kupinga, sauti ikagoma. Asubuhi ya moto alikuwa amesikia baridi, rafiki yake akamwazima koti la kazi. Hospitali walisoma jina kwenye koti, wakamwita mama wa mwenye koti.

Asiye na ndugu alikuwa yeye. Alilelewa kwenye nyumba ya yatima, na tangu apate akili hakuna mtu aliyewahi kumwita mwanangu.

Sauti iliporudi kidogo, akaificha.

Mama hakukosa hata siku moja. Alikuja na supu kwenye chupa, akamnywesha kwa mrija, akamsimulia habari za majirani wagomvi, akamsugua miguu. Rafiki yake alikuwa maji ya kunde. Yeye ni mweusi tii. Kila mikono ile ilipopita juu ya miguu yake alishangaa jinsi mama asivyoona. Uchungu hupofusha, alijiambia, kisha haya ikamshika, akageukia ukutani.

Sasa mtaalamu alifungua kisanduku cha baridi. Ndani mlikuwa na utando mwembamba, unatikisika kama maziwa yaliyoganda.

"Tumeiga ngozi ya ngisi na pweza," alimweleza mama. "Humu mna vifuko vidogo vidogo vya rangi. Vikitanuka, ngozi inakoza. Vikisinyaa, inapauka. Kitakachoviamuru ni damu yake na mishipa yake mwenyewe. Akiogopa, utaona. Akifurahi, utaona. Ila rangi ya kuanzia lazima niipange leo, utando haungoji." Akachukua simu. "Nimtume dereva kwako akachukue hiyo picha?"

Mashine ya kupima moyo kando ya kitanda ikaanza kulia mbiombio.

"Picha za nini?" mama akasema upesi. "Taa za studio humfanya kila mtu mweupe. Mwenyewe si huyu hapa? Mpime mguu. Mguu hauongopi."

Mtaalamu akasita, kisha akaweka kipimo juu ya kifundo cha mguu. "Mbona faili linasema maji ya kunde?"

"Waandishi wa hospitali hao! Mimi mwenyewe mwaka jana waliniandika mwanamume."

Muuguzi akaangua kicheko, na mtaalamu naye akacheka, akapanga rangi.

Bandeji zikafunguliwa, tabaka baada ya tabaka. Kijana alifumba macho. Utando ukamgusa kipajini, ukashuka puani, mashavuni, kidevuni, baridi kama jani lenye umande. Wakangoja. Kisha akasikia kitu alichokuwa amekisahau: joto usoni.

"Jamani!" muuguzi akasema. "Tazameni inavyoiva! Huyu hataweza kumdanganya mke. Akisema uongo tu, uso unamchongea."

Walicheka wote, isipokuwa yeye. Na papo hapo, mbele ya macho yao, uso ule mpya ukapauka, ukawa kama majivu.

"Anaogopa," mtaalamu alisema, kicheko kikimkauka. "Anaogopa nini?"

"Mngekuwa ninyi mnakodolewa macho hivi msingeogopa?" mama akajibu. "Tuachieni nafasi kidogo."

Mlango ukafungwa. Kioo kilikuwa kimeachwa juu ya shuka. Kijana akakiinua, akajiona: pua yake pana, kidevu chake kilichopasuka katikati, weusi wake. Hata mtoto mdogo asingemfananisha na rafiki yake. Na mama alikuwa amemkazia macho, naye kijana hana tena bandeji ya kujifichia.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwacha mama aseme kwanza, apige kelele, awaite walinzi. Lakini yule alikuwa amemlisha kwa mikono yake.

"Mama," alisema. Sauti ilitoka kama changarawe. "Nisamehe. Mimi si mwanao. Koti lilikuwa lake. Aliniazima. Yule aliyekufa ndiye..."

Uso ulikuwa ukikoza na kupauka, ukikoza na kupauka. Alingoja kofi. Alingoja kilio.

Mama alisogeza kiti kutoka miguuni, akakileta karibu na mto. Akatoa leso, akamfuta machozi kwa ncha, taratibu, asiuguse utando.

"Usilie, baba, utaharibu kazi ya watu," alisema. "Siku ile unafumbua macho, nilikuwa nimetoka kumzika mwanangu."