Mkono wa Mtu Haugusi

Shangazi aliingia ndani ya mashine asubuhi na mapema, akiwa na kigoda, chupa ya chai na mafua.

"Mafua? Leo?" Injinia akashika kichwa.

"Nilikuambia jana kwenye simu. Hukusikia, ulikuwa unalia."

Kweli alikuwa analia. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku refu la bati, lina kidole cha chuma kwa mbele na taa mbili juu, ya kijani na nyekundu. Injinia aliijenga ili ijaribu vifaa vinavyoendeshwa kwa simu. Kidole kinabonyeza simu, kifaa kinatii au kinakaidi, kamera inatazama, taa inatoa hukumu. Ubavuni alikuwa ameandika kwa rangi, herufi kubwa: MWANZO HADI MWISHO, MKONO WA MTU HAUGUSI.

Jana nyaya zote ziliungua, na mteja pekee aliyebaki alikuwa anakuja leo. Akimkosa huyo, karakana inafungwa na yeye anarudi kwa kaka yake kuuza magodoro.

Basi Shangazi, aliyemlea tangu utotoni na asiyejua kumwambia hapana, akajipenyeza mahali palipokuwa na nyaya. Kidole atakisukuma kwa ndani. Kwenye tundu la kamera ataweka jicho lake.

"Kifaa kikitii, washa kijani. Kikikataa, nyekundu," Injinia akarudia. "Na usipige chafya, nakuomba."

"Iombe pua. Mimi haijawahi kunisikiliza."

Mteja akaingia na suti yake na wapagazi wanne. Mjini walimwita Bosi Kabati, kwa sababu alikuwa ametengeneza kabati la nguo la ajabu: unakaa zako kitandani, unachagua nguo kwenye simu, kabati linafunguka lenyewe na kukunyooshea ulichotaka.

"Taratibu! Msililaze!" akafoka. "Likilazwa linapata kizunguzungu."

"Zito hili, bosi," mpagazi mmoja akasema, jasho linamtoka.

"Teknolojia ina uzito wake."

Mgongoni kabati lilikuwa na matundu ya hewa. Injinia akainama kuchungulia, Bosi Kabati akamvuta mkono na kumwambia ni siri ya kiwanda. Injinia hakubisha hata kidogo. Naye hakutaka mtu wa kuchungulia kwake.

Jaribio likaanza. Kidole kikabonyeza shati jeupe kwenye simu. Ndani ya kabati pakalia mlio mdogo, kama wa ujumbe kuingia, mlango ukafunguka kidogo na koleo la chuma likatoa shati jeupe lililonyooka. Taa ya kijani ikawaka. Suruali nyeusi nayo ikatoka, kijani tena.

Kidole kikabonyeza tai. Kabati likakawia.

"Tai ziko chini kabisa," Bosi Kabati akasema upesi, akaligonga kabati kwa kifundo cha kidole. Tai ikatoka, tena imeshafungwa fundo.

Injinia aliitazama ile tai, roho ikamuuma. Mwenzake amekesha akatengeneza kitu cha kweli, kabati linalojua hata kufunga tai, na yeye analipima kwa shangazi mwenye mafua. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alifungua mdomo aseme ukweli, akakumbuka magodoro, akaufunga.

Bosi Kabati alikuwa amesimama mbele ya yale maandishi ya ubavuni.

"Kweli mkono wa mtu haugusi?" akauliza kwa sauti ya chini. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Hongera," akasema, macho kwenye viatu vyake. "Kumbe inawezekana."

Wakakaa mezani. Mkataba ukafunguliwa: kila kabati litakalotoka kiwandani litapita kwanza kwa Injinia. Bosi Kabati akatoa kalamu, akaijaribu kwenye kiganja, akainama asaini.

Mashine ikapiga chafya.

Kalamu ikasimama.

"Vumbi," Injinia akasema. "Vumbi tu, kwenye feni."

"Vumbi," Bosi Kabati akakubali, kwa haraka ambayo Injinia hakuielewa.

Ndipo ikaja ya pili, chafya ya mtu mzima aliyejizuia tangu asubuhi. Sanduku zima likatikisika, kidole cha chuma kikaanguka sakafuni.

Ndani ya kabati, sauti nene ya kiume, yenye adabu zake zote, ikasema:

"Afya, mama."

"Asante, baba," mashine ikajibu, ikawasha taa ya kijani.