Ufa wa Bi Ngiri

Zamani wanyama walipokuwa wakiuziana mashimo, Bi Ngiri alisikia kwamba Kicheche anauza shimo alimozaliwa yeye. Alifika mbio, roho juu.

"Mbona ule ufa wa darini siuoni?"

"Nimeuziba, bibi! Hata tone halipiti," Kicheche alijigamba, akapandisha bei.

Bi Ngiri alilinunua hivyo hivyo. Mvua ilipopiga, wanawe walilala wakavu, kila mmoja na kona yake. Yeye alikumbuka jinsi utotoni yeye na nduguze walivyokuwa wakibanana na mama yao upande usiovuja, wakisukumana na kucheka.

Aliinuka polepole, akalitoboa dari kwa pembe.

"Mama, panavuja!" watoto walilia, wakamkimbilia.

"Njooni," alisema, akiwakumbatia wote. "Huku kwangu pakavu."